Kazi ya mtandaoni, nahama Dodoma: Kigali, Nairobi, Mauritius au Lisbon?

Mtoto wa Kizota
Wakuu, habari za muda. Naandika programu kwa kampuni ya Berlin, mshahara ni kama euro 2,200 kwa mwezi. Nafanyia kazi nyumbani, Kizota. Mtandao ulipozimwa siku ya uchaguzi, 29 Oktoba 2025, nikapotea kazini bila hata kuaga. Mabosi wameelewa, ila wamesema niko huru kukaa nchi yoyote. Mke yuko tayari, mtoto anaanza darasa la kwanza Januari. Nimebaki na hizo nne, kwa mwaka mmoja au miwili. Semeni.

Afisa Hesabu
Lisbon ifute leo. Viza yao ya wanaofanya kazi kwa mbali, D8, iliyoanza Oktoba 2022, inataka kipato cha mara nne ya kima cha chini cha mshahara wa Ureno. Mwaka 2025 kima hicho kilikuwa euro 870, zidisha unapata 3,480. Huzifikii.

Mauritius mlango uko wazi zaidi. Premium Visa yao, ya wageni wanaofanya kazi kwa mbali, ni ya mwaka mmoja na inahuishwa, na kwa mwombaji kipato kinaanzia dola 1,500 kwa mwezi. Ila usiajiriwe na mtu wa pale. Kabla ya kuuza makochi, hakikisha pasipoti yetu imo kwenye orodha yao.

Mama Nkuhungu
Mdogo wangu, wazazi wako wapi? Kama wako hapa Dodoma, Mauritius ni mbali kuliko ramani inavyoonyesha. Simu ya usiku ikija, mara nyingi unapitia Nairobi kwanza ndipo urudi nyumbani. Na kuanzia Novemba hadi Aprili ni msimu wa vimbunga kule. Kigali unapanda basi: Rusumo, Kahama, Nzega, Singida, umefika. Unachoka, lakini umefika.

Mrangi wa Kilimani
Nairobi, usizunguke. Natokea Kondoa, niko huku. Kwanza nyumba: unalipa mwezi kwa mwezi na dipoziti ya mwezi mmoja, hakuna mambo ya mwenye nyumba kudai miezi sita mkononi kama hapo Area C. Pili mtoto: shule zinafungua Januari kama kwetu, na Kiswahili ni somo. Tatu, kampuni za intaneti ya faiba zinagombania wateja, ukichoka na moja unahamia nyingine. Ubaya ni foleni, na ukitembea usiku lazima ujue unapita wapi. Usiniulize kuhusu bei ya nyumba Westlands, nami huwa napita tu.

Dada wa Remera
Mrangi kasema kweli kuhusu shule, na hapo ndipo Kigali inapomkwaza: mwaka wa masomo Rwanda unaanza Septemba. Mtoto atasubiri au ataingia katikati.

Mengine yote naona Kigali inafaa zaidi kwa mtu wa Berlin. Saa za Kigali ziko nyuma ya Dodoma kwa saa moja. Majira ya joto Ulaya, Berlin na Kigali saa zinalingana kabisa: wao wakianza saa tatu asubuhi, na wewe ni saa tatu. Majira ya baridi unaanza saa nne, unamaliza saa kumi na mbili jioni. Mauritius wakati huo ungemaliza saa mbili usiku, mtoto kashalala.

Kiswahili ni lugha rasmi tangu 2017, ila usidanganyike, mtaani ni Kinyarwanda. Jumamosi ya mwisho wa mwezi asubuhi kuna umuganda, kazi za jamii, mji unasimama. Na wanaendesha upande wa kulia, gari liache Dodoma.

Afisa Hesabu
Dada, mwambie na hili: kuingia si kufanya kazi. Raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki anapewa miezi sita bila viza, lakini anayekaa mwaka anahitaji kibali. Rwanda kibali cha kazi kwa Mwafrika Mashariki hakina ada, atumie nafasi hiyo. Na azihesabu siku: akifikisha 183 ndani ya mwaka, mamlaka ya mapato ya huko inaweza kumhesabu mkaazi wa kikodi.

Chinangali Moja
Au hamia mtaa wa Kisasa hapa hapa Dodoma, vuta faiba, kunywa juisi ya zabibu. Kwani lazima pasipoti?

Mtoto wa Kizota
Chinangali, faiba ya Kisasa nayo ilizimwa siku ile ile.

Lisbon na Mauritius nimezitoa. Mke anavutwa na Nairobi kwa sababu ya shule, mimi navutwa na saa za Kigali. Dada wa Remera, Nyamirambo ya Kigali kukoje kwa familia? Nasikia kule Kiswahili kinasemwa.

Dada wa Remera
Kinasemwa sana, na vyakula vya kwetu utavikuta. Kuna kelele za mji, si kimya kama Kicukiro. Njoo peke yako kwanza na kompyuta yako, ufanye kazi mwezi mzima ukiwa hapa. Muulize kila mwenye nyumba kama faiba imeshafika ndani, si mtaani.

Mrangi wa Kilimani
Na ukitoka huko upite Nairobi wiki moja, tusidhulumiane.