Ulinganisho: kumaunti bakapu za seva ya ofisi, Veeam, restic au ile ya Windows?

Seva_Sakina
Wakuu, poleni na majukumu. Nipo Arusha, kampuni ya utalii. Bosi ametoa hela ya programu ya bakapu na anataka jibu Ijumaa. Kigezo changu ni kimoja: mhasibu akisema anataka faili la Excel lilivyokuwa mwezi jana, niifungue bakapu ya siku ile kama diski (ndiyo kumaunti), nichukue faili, nifunge. Sitaki kurudisha seva nzima kwa ajili ya faili moja. Nipo kati ya Veeam, restic na Windows Server Backup. Ipi?

Kibosho_Bit
Veeam. Uzi ufungwe.

MamaMitambo
Usifunge uzi wa watu. Mtoa mada, hujasema chochote hapo. Seva ni chuma au VM, yaani mashine ya programu ndani ya mashine nyingine? Windows ya mwaka gani? Data kiasi gani? Bakapu zinakaa wapi? Unaulizia dawa hata ugonjwa hujautaja.

Seva_Sakina
Samahani dada. Windows Server 2019, VM mbili kwenye Hyper-V (programu ya Microsoft ya kuendeshea VM), zote mashine moja. Bakapu zinaenda kwenye diski ya USB.

MamaMitambo
USB iliyochomekwa kwenye seva hiyohiyo?

Seva_Sakina
Ndiyo.

MamaMitambo
Haya. Tutarudi hapo.

Uru_Linux
restic, bila kusita. Ni ya bure na data inasimbwa kabla haijatoka kwenye mashine. Ukiandika `restic mount` unaona kila bakapu kama folda yenye tarehe yake, unaingia, unakopi, unatoka.

Kibosho_Bit
Jamaa kasema Windows. Hiyo mount inategemea FUSE, kipengele cha kuonyesha bakapu kama folda, na kwenye Windows haipo. Atabaki na `restic restore` au `restic dump`.

Uru_Linux
Si aweke kaVM ka Debian (Linux) pembeni? Anamaunti huko, anawagawia kwenye mtandao wa ofisi kwa Samba.

Kibosho_Bit
Mhasibu anasubiri faili, wewe unafunga Debian 😂

Mzee_wa_Tepu
Vijana mnabishana namna ya kufungua, sijasikia hata mmoja akitaja kufunga.

Kuna ofisi hapa Moshi niliitwa mambo yakiwa yameshaharibika. Walikuwa na programu ya kulipia, jina naliacha. Fundi wao wa zamani alimmauntia mhasibu bakapu ya mwisho wa mwaka ikae kama diski R:, ili awe anachungulia mahesabu ya nyuma akijisikia. Fundi akapata kazi Dar, akaondoka. R: ikabaki. Sasa pointi, yaani bakapu ya siku moja, ikiwa wazi, programu haiwezi kuifuta wala kuiunganisha na nyingine, na bakapu za nyongeza zinategemeana, kila moja inaegemea iliyoitangulia. Usafishaji wote ukakwama. Kila usiku zinaongezwa mpya na hakuna ya zamani inayotoka. Diski ikajaa, kazi ya usiku ikaanza kufeli. Onyo lilikuwa linatumwa kila asubuhi, ila kwenye barua pepe ya yule aliyehamia Dar.

Wakaja kupigwa na virusi vinavyofunga mafaili na kudai fidia. Bakapu ya karibuni kabisa ilikuwa ya miezi mingi nyuma. Mhasibu ananiuliza, "Kwani R: si ipo?" Ipo mama, ya Desemba. Waliingiza risiti upya kwa mkono, na mnajua karatasi za EFD, zile mashine za risiti za kodi, zinavyofifia zikikaa kwenye droo. Nyingine walikuwa wanaziinua dirishani kutafuta namba.

Mimi sasa hivi mtu akitaka nimmauntie bakapu, ananiandikia saa ya kuichomoa. Hana saa, hapati.

ChaliiWaKijenge
Mzee umeua 🙌 Risiti za EFD kopi siku ileile aisee, TRA wanataka kumbukumbu za miaka 5.

Kwenye mada: Windows Server Backup inahifadhi VHDX (faili linalobeba diski nzima), kwa hiyo unaweza kuifungua kwa Disk Management bila kununua kitu. Ila weka tiki ya kusoma tu. Usipoweka, Windows yenyewe inaandika humo hata kama wewe hujagusa faili, na kama kuna VHDX nyingine inayoitegemea, ile inayobeba mabadiliko tu (differencing), hiyo ya pili haifunguki tena. Pia nakala ya diski nzima usiimaunti kwenye mashine ilikotoka. Utambulisho wa diski unagongana, Windows inaiweka offline, na wewe unaanza kulia bakapu mbovu wakati ni nzima.

MamaMitambo
Sahihi. Mtoa mada, diski ya mafaili umewasha Data Deduplication, ile inayohifadhi vipande vinavyojirudia mara moja tu?

Seva_Sakina
Sijui dada, seva niliikuta.

MamaMitambo
Angalia leo. Kama imewashwa, mashine ya kumauntia nayo iwe na kipengele hicho. La sivyo utaona majina ya mafaili yamejipanga vizuri kabisa, na ukigusa hata moja halifunguki.

Kibosho_Bit
Ndiyo maana nasema Veeam. VM hadi 10 ni bure, jamaa ana mbili. Inafungua pointi chini ya C:\VeeamFLR, ukifunga dirisha la kuchagulia mafaili inaachia yenyewe. Hakuna R: hapo.

Mzee_wa_Tepu
Ukifunga. Ukiliacha wazi ukaenda chai?

Kibosho_Bit
Mzee na wewe 😅

Uru_Linux
restic nayo ukiacha mount wazi, `prune` (amri ya kusafisha data isiyohitajika tena) inagoma kwa sababu ya kufuli. Lakini inakwambia usoni, haifeli kimyakimya.

Njiro_Sheria
Mmesahau jambo. Kampuni ya utalii ina nakala za pasipoti za wageni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023. Ukimaunti bakapu ya mwaka jana na kuishea ofisi nzima, hata ulichofuta kimefufuka, na dereva anaweza kukisoma.

ChaliiWaKijenge
Madereva wamekukosea nini?

Njiro_Sheria
Nimetoa mfano tu. Dereva ana haja gani na pasipoti ya mgeni wa mwaka jana?

ChaliiWaKijenge
Getini hifadhini pasipoti za wageni anaulizwa nani sasa, wewe wakili?

Seva_Sakina
Wakuu turudi. Nimeangalia, deduplication imewashwa. Na bosi anauliza kwa nini nimletee ya bure wakati hela ameshatoa.

MamaMitambo
Hela inunue NAS (kisanduku cha diski cha kwenye mtandao), ikae chumba kingine, na password yake isiwe ya seva. Hiyo USB virusi vikiingia vinaondoka nayo. Ukishapata pa kuweka, Veeam au nyingine utachagua bila haraka.

Uru_Linux
Na NAS inapokea restic vizuri tu 😎

Seva_Sakina
Umeme hapa Sakina nao wiki hii unakatika ovyo, UPS yangu (betri ya akiba) haimalizi dakika tano. NAS si itakufa mapema?

ChaliiWaKijenge
Badilisha betri, usinunue UPS nyingine. Fungua uone, nyingi ni za 12V 7Ah.

Kibosho_Bit
Za 9Ah zinaingia mulemule, umbo ni lilelile. Moshi bei iko chini kuliko huko kwenu.

ChaliiWaKijenge
Bei ya chini kwa sababu zimekaa dukani tangu Uhuru. Mtoa mada, nenda na kipimo cha volti. Ikisoma chini ya 12, iache hapohapo.

Mzee_wa_Tepu
Kuna mtu ana UPS ya 3kVA iliyotumika anauza? Nipo Moshi, nafuata mwenyewe.