Mjadala: Je, makundi ya kucheza ya Japani yalistahili tuzo ya wimbo bora?

MLETA MADA
Wakuu, salaam. Kila tarehe 30 Desemba Japani hutoa tuzo yake kongwe ya wimbo bora wa mwaka, Japan Record Award, iliyoanzishwa 1959. Wapenzi wengi wa muziki wa huko wanalalamika kwamba makundi ya kucheza na kuimba yamewapokonya waimbaji tuzo yao. Mimi nasema hayajampokonya mtu. Kilichobaki ni tuzo yenyewe kumtambua anayetunga miondoko kama inavyomtambua anayetunga mashairi.

Chukueni Sandaime J Soul Brothers. Wako saba, na waimbaji ni wawili tu: Ryuji Imaichi na Hiroomi Tosaka. Watano waliobaki ni wachezaji. Mwaka 2014 walitwaa tuzo kwa R.Y.U.S.E.I. Hebu usikilizeni wimbo ule kwa makini. Kiitikio kikimalizika, waimbaji wananyamaza, kinanda cha umeme na mdundo vinashika usukani. Ukiusikiliza tu redioni, unaweza kudhani hapo wimbo umepwaya. Fungua video sasa: ndipo wanapopiga ile hatua ya kukimbia mahali pamoja, goti linapanda, mguu wa chini unateleza kurudi nyuma, na mtu hasogei. Nafasi ile imeachwa makusudi kwa ajili ya miguu. Aliyeijaza katunga sehemu ya wimbo, sawasawa na aliyeandika ubeti wa kwanza.

Naomba kuwasilisha. Tujadili kwa hoja.

MCHANGIAJI WA KWANZA
Mleta mada, nakuheshimu, ila hapa sikuungi mkono. Masharti ya tuzo hiyo yanajulikana: kazi ipimwe kwa utunzi wa muziki, upangaji wa ala na mashairi, iwe imehuishwa na uimbaji bora, ipendwe na umma na iwakilishe mwaka wake. Uimbaji umetajwa, dansi haikutajwa. Ukianza kuhesabu miguu, kesho utahesabu mavazi na taa za jukwaani.

Halafu tazama matokeo. EXILE, kundi jingine la kuimba na kucheza, walishinda 2008, 2009, 2010 na 2013. Sandaime wakachukua 2014 na 2015. Ile 2011 na 2012 ilikwenda kwa AKB48, kundi la wasichana ambalo nalo linasimama kwa wingi wa watu jukwaani. Yaani miaka minane mfululizo mwimbaji aliyesimama peke yake na maiki yake hakuonja tuzo kubwa, na sita kati ya hiyo minane ilikwenda kwenye nyumba moja, LDH, kampuni yenye EXILE na Sandaime. Mtu aliyejifunza kuimba miaka ishirini ajisikieje? Nisingekuwa na neno kama wangeanzisha tuzo ya onyesho bora. Hii ni ya wimbo. Na wimbo wa kweli unaufumbia macho na bado unakushika.

MCHANGIAJI WA PILI
Jamani, nimenengua kwenye bendi ya dansi hapa Dar, kwa hiyo mada hii inanigusa. Watu walikuwa wanalipa kiingilio kuja kutazama shoo yetu. Albamu ikitoka, jina la mpiga solo lipo, la rapa lipo, la mpiga tumba lipo. La mnenguaji aliyebuni staili ambayo mji mzima unaicheza, halipo. Ukiuliza unaambiwa wewe ni pambo.

Ndiyo maana nawapenda EXILE. Aliyewaasisi, HIRO, si mwimbaji, ni mchezaji. Alianzia kundi la ZOO, lile la Choo Choo TRAIN la 1991, na 2003 EXILE wakaurudia wimbo huohuo. Ule mstari wa watu waliosimama mmoja nyuma ya mwingine, vichwa na viwiliwili vikizunguka kwa kupishana, Japani nzima inaujua. Mchezaji ndiye aliyejenga kundi na kampuni, waimbaji wakaajiriwa ndani ya ndoto yake. Kwetu sijaona hata mmoja aliyefika hapo. Kaka uliyetangulia, taa haifanyi mazoezi mpaka magoti yavimbe. Usitufananishe na taa.

MLETA MADA
Dada, asante sana, umenena kitu ambacho mimi nisingeweza kukisema kwa uzito huo.

Ndugu mchangiaji wa kwanza, hoja yako ya nyumba moja kushinda mara sita ina nguvu, na tuzo yoyote inayotaka heshima inapaswa kujiuliza hilo. Ila hilo ni suala la waamuzi, wala si dhambi ya dansi. Na mimi sisemi kila ushindi wao uhesabiwe kwa miguu. Ti Amo ya EXILE ya 2008 ilibebwa na sauti za waimbaji wao ATSUSHI na TAKAHIRO, hata kipofu anaipenda. Unfair World ya Sandaime ya 2015 ni wimbo wa polepole; huo upimwe kwa sauti na mashairi tu, na kwa kipimo hicho mimi nauweka chini ya R.Y.U.S.E.I. kwa mbali.

Kuhusu masharti, kumbuka sheria ya hakimiliki ya Japani inaitaja dansi wazi kuwa kazi ya sanaa inayolindwa, kando ya muziki na maandishi. Tangu 2012 dansi ni somo la lazima kwenye vipindi vya michezo vya sekondari ya chini. Nchi imemfundisha mtoto kuusikia wimbo kwa mwili mzima, halafu tuzo imwambie asikie kwa masikio pekee?

Nakuachia swali moja. Mwaka 2018 DA PUMP, kundi la kuimba na kucheza, waliingia katika kazi bora zinazowania tuzo kuu hiyohiyo kwa wimbo U.S.A. Muziki wenyewe ulikuwa wa zamani, wa Mwitaliano Joe Yellow, wa 1992. Walioshinda mwisho ni kundi la wasichana la Nogizaka46, sawa. Lakini watoto wa Japani mwaka ule walikuwa wanaruka kwa mguu mmoja, dole gumba juu, kwa sababu ya wimbo huo. Ukiiondoa ile hatua ya kuruka, niambie ni kitu gani kiliufanya wimbo uliokuwa na umri wa miaka 26 uwe wimbo wa 2018?