Tupeane uzoefu: kisukuku kipi hukitoi hata kwa dawa, na kwa nini?

Mtoto wa Kibirizi (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni. Najua tupo wachache tunaookota mawe na magamba ya kale na kuyajaza kabatini, na majumbani tunasemwa sana. Leo tusiulizane bei. Kila mmoja ataje kisukuku kimoja, yaani mabaki ya kiumbe wa kale, ambacho hakitoi kwa mtu yeyote, na aseme sababu. Naanza mimi.

Changu ni ganda la konokono wa Ziwa Tanganyika, yule ambaye wataalamu wanamwita Neothauma tanganyicense, jina alilopewa na Mwingereza Edgar Smith mwaka 1880. Ni jeupe kama chokaa, linajaa kiganjani kama yai la bata, na ukilishika unashangaa uzito wake. Upande mmoja limeshikwa na ukoko mgumu wenye vitundu. Ukipitisha kidole kwenye mizunguko yake, pale ukoko unapokoma unakuta ganda lenyewe ni laini kabisa. Chini ya ziwa, kuanzia kina cha mita 10 hivi na kuendelea, kuna sehemu magamba haya yametandikwa kama kokoto. Samaki wadogo wa ukubwa wa kidole wameyafanya nyumba na hutaga humo. Kuna aina ambayo dume huyabeba kwa mdomo, moja moja, na kuyalundika mahali pamoja ili majike waje kutaga.

Baba alikuwa mvuvi. Siku moja wavu ulikokota chini ukapanda na magamba tele, na wenzake wakaanza kuyatupa mtumbwini kwa hasira maana yanachana nyavu. Baba akawazuia. Aliyachukua moja baada ya jingine, akayainamisha majini na kuyatikisa mpaka visamaki vikatoka. Moja halikuwa na kitu. Akanipa, akasema, "Hili halina mwenyewe, chukua." Baba hayupo tena. Ganda liko juu ya redio yake.

Kasulu Juu

Mkuu, pole kwa mzee. Ila naomba kuuliza bila ubaya: hicho ni kisukuku kweli au ni ganda tu? Konokono hao si bado wapo hai?

Mtoto wa Kibirizi

Wapo, na walio hai wana ganda la kahawia. Magamba meupe ya chini ni mkusanyiko wa miaka mingi sana, mengine ya zamani mno, kwa hiyo wapo wanaoyaita nusu kisukuku. Sina ugomvi na hilo. Kinachonigusa ni kwamba ndugu zake wamekutwa kwenye tabaka za kale upande wa Ziwa Albert na Ziwa Edward, na huko walishatoweka. Waliobaki hai duniani ni wa ziwa letu peke yake. Unaposhika hili ganda hapa Kigoma umeshika mwisho wa ukoo.

Mama Nuru wa Ipuli

Hamjambo wote. Mimi niko Tabora, ni mwalimu. Changu ni kipande cha sandarusi, utomvu wa mti uliokauka ukawa mgumu, alichoniachia babu yangu mzaa mama, mtu wa Rufiji. Kina ukubwa wa kisanduku cha kiberiti. Upande ambao haujasuguliwa una vipele vidogovidogo, kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa. Upande wa pili babu aliusugua mpaka ukang'aa, na ndani anaonekana sisimizi mmoja, miguu yote sita, kapinda kiuno kama anayetaka kugeuka. Nyuma yake kuna mstari wa viputo vya hewa. Mimi huwa naamini ni pumzi yake ya mwisho, ingawa najua ni hewa iliyonaswa kwenye utomvu tu.

Miaka mingi niliwaambia watu kwamba ni kaharabu, utomvu wa kale zaidi wa mamilioni ya miaka, ile inayookotwa pwani ya Baltiki kule Ulaya. Siku moja nikasoma namna ya kupima: unadondosha spiriti kidogo, kaharabu haijali, sandarusi inanata. Nilidondosha mkono ukitetemeka. Ikanata, na alama ya kidole changu ipo hadi leo pembeni.

Nililia, nakiri. Kisha nikatulia nikawaza. Sandarusi ilichimbwa Pwani karne ya 19 na kupelekwa Unguja, na kutoka huko ikasafirishwa hadi Salem kule Marekani kutengenezea vanishi. Mti uliotoa utomvu huo bado unamea Pwani yetu. Kaharabu ya Baltiki mti wake haupo tena popote. Mimi naweza kupanda basi nikamshike mama wa sandarusi yangu kwa mkono. Tangu siku hiyo naipenda zaidi, na sijawahi tena kuiita kwa jina lisilo lake.

Mnyamwezi Halisi

Dada Mama Nuru umenigusa, maana na mimi nilikosea. Niliuziwa jiwe lenye michoro myeusi kama majani ya kangaga, nikaambiwa ni mmea wa kale umechapwa. Mtu wa jiolojia akaniambia ni madini ya manganisi yaliyopenya kwenye ufa na kutambaa hivyo, hapajawahi kuwa na jani. Akanieleza pia kwamba huku Tabora tumekalia itale ya zaidi ya miaka bilioni 2.5, na itale haitunzi kisukuku. Jiwe ninalo bado, ni zuri. Ila kwenye swali la mleta mada sina cha kutaja.

Fundi Reli

Wanangu, nimestaafu reli, nipo Kigoma. Zamani nilifanya kazi kule Ngerengere na Kidugallo, na huko kuna chokaa ya enzi za Jurasiki, zama za dinosaria, bahari ilipofika mbali bara. Nina vipande vitatu vyenye chaza ndani. Kimoja unaona mistari ya ganda wazi kama kucha.

Shida yangu ni kwamba sikuandika kipi kilitoka wapi. Kijana mmoja msomi alikuja nyumbani, akavitazama kwa heshima, akasema, "Mzee, jiwe bila mahali ni jiwe tu." Iliniuma kwa sababu ni kweli. Nakumbuka jua, nakumbuka na chai tuliyokunywa, lakini sikumbuki ni kilomita ipi ya reli. Mnaoanza, chukueni rangi ya kucha isiyo na rangi, pakeni tone dogo sehemu isiyo na umbo, likikauka andikeni namba kwa wino juu yake. Halafu namba hiyo iandikwe kwenye daftari pamoja na mahali na tarehe. Karatasi ya kubandika inadondoka.

Mtoto wa Kibirizi

Shikamoo mzee Fundi Reli. Asante sana kwa hili.

Kasulu Juu

Sasa na mimi niseme. Changu sinacho.

Niliwahi kuwa dereva wa kampuni moja upande wa Songwe. Huko ardhi ni nyekundu, na mvua ikikata makorongo mifupa inajitokeza. Ndiko alikotoka Rukwatitan, dinosaria aliyetangazwa mwaka 2014. Nilisimama kujisaidia nikaona kitu cha rangi ya zambarau iliyofifia kwenye ukuta wa korongo, mviringo, mnene kama paja. Nililamba kidole nikagusa, kikashika ncha ya kidole kama chungu kikavu. Bosi wangu alitaka tuking'oe kwa sururu tukapambe ofisi. Nilikataa. Sheria ya Mambo ya Kale ipo tangu 1964 na mifupa ya namna hiyo inalindwa, huchimbi bila kibali. Tulibishana, na mkataba wangu haukuongezwa baada ya hapo.

Nilitoa taarifa. Ninachotunza ni picha moja, nimeweka kiberiti pembeni kuonyesha ukubwa. Mifupa ya dinosaria wa Tendaguru, kule Lindi, ilibebwa na Wajerumani kati ya 1909 na 1913, na leo ili umwone yule mwenye kimo cha mita 13 inabidi upande ndege hadi Berlin. Mimi sikutaka hata mfupa mmoja uondoke korongoni bila mtu kujua ulilalaje.

Mama Nuru wa Ipuli

Mungu akubariki kaka. Hiyo picha ichapishe, usiiache kwenye simu.

Mtoto wa Kibirizi

Wakuu, jana nimetafuta rangi ya kucha kwa dada yangu nikafanya kama mzee alivyoelekeza. Mahali nilipajua, mwaka ndio ulinishinda. Nikamuuliza mama. Akafikiri, akasema ni mwaka ule wakimbizi wa Kongo walipokuwa wanashuka hapa kwa mitumbwi usiku na mchana, na baba alikuwa akirudi na samaki anawagawia kwanza wao. Nilikuwa sijui hilo la kugawa.

Namba 1. Kibirizi, mwishoni mwa 1996. Wavu wa baba.