Ovadraivu (pedali ya kuongeza mkwaruzo kwenye sauti) ya bei nafuu kwa gitaa la kanisani: Joyo, Behringer au Boss SD-1 used?

solo_wa_nyegezi:
Wakuu habari za jioni. Napiga solo kanisani huku Mwanza, mwaka wa pili sasa, gitaa langu ni la umbo la Strat (Fender Stratocaster) lenye pikapu, yani vile vinasa sauti chini ya nyuzi, tatu za koili moja na mpaka leo sina pedali hata moja. Kwenye mapambio ya kuchangamka niko sawa kabisa, shida iko kwenye nyimbo za kuabudu, nikiachiwa solo gitaa linasikika jembamba, kinanda kinalimeza, naishia kuongeza sauti mpaka jamaa wa mitambo ananikunjia uso. Nimejibana nina laki na nusu. Nimeona Joyo Vintage Overdrive, Behringer TO800, afu kuna mtu anauza Boss SD-1 used, rangi imechubuka ila inafanya kazi. Ipi nichukue? Nataka ule mkwaruzo laini unaovuta noti, sio ngurumo za metali.

rithim_tu:
Mkuu hongera kwa kujibana. Hizo tatu ni ndugu wa karibu sana kwahiyo usiumie kichwa. Joyo na Behringer zote mbili zimeiga Tube Screamer ya Ibanez, ile ya kijani, na kazi yake kubwa ni kupunguza besi na kusukuma sauti za kati, ndo maana solo inatoka mbele hata kama besi na kinanda vinajaza chini. Yani tatizo lako la kumezwa ndo hasa dawa yake hiyo. SD-1 ipo tangu 1981 na inafanya karibu kitu hichohicho, tofauti ni diodi, vijisehemu vya umeme humo ndani vinavyokata mawimbi ya sauti mpaka yakwaruze, Tube Screamer inakata juu na chini sawa, SD-1 upande mmoja ina diodi mbili na mwingine moja, kwahiyo mkwaruzo wake una ukali kidogo, mimi naupenda zaidi.

Kwa umbo: Behringer ndo ya bei rahisi kuliko zote ila boksi lake ni plastiki, na kubadili betri lazima utafute kitu chembamba kama ncha ya peni ubonyeze vile vishikizo vya pembeni ndo mfuniko ung'oke, sasa fanya hivyo ibada inaendelea. Joyo ni chuma. SD-1 unafungua skrubu moja kwa vidole, umemaliza. Kama ningekuwa mimi, SD-1, hata ichubuke vipi.

mzee_wa_seben:
Kijana wangu kabla hujatoa hela, gitaa unalichomeka wapi? Kwenye ampu au moja kwa moja kwenye miksa?

solo_wa_nyegezi:
Shikamoo mzee. Moja kwa moja kwenye miksa, ampu hatuna.

mzee_wa_seben:
Marahaba. Basi hapo ndipo penye shida yenyewe, na hakuna hata moja kati ya hizo tatu itakayokutoa. Spika ya ampu ya gitaa haipitishi sauti kali za juu, inazikata, na ovadraivu zote zimetengenezwa zikitegemea hilo. Ukiipeleka kwenye miksa mkwaruzo wote unatoka mzimamzima kwenye zile spika kubwa zenye twita (vile vispika vya sauti kali za juu), unasikia nyuki kwenye debe. Vijana wengi wananunua pedali nzuri kabisa, wanajaribu kanisani Jumapili moja, wanakata tamaa na kuiuza, na kosa halikuwa la pedali.

Njia ni mbili. Ya kwanza tafuta Joyo American Sound, hiyo inaiga ampu nzima ya Fender ya zamani, ina nobu za besi, kati na juu, na unaweza kuingia nayo kwenye miksa ikasikika vizuri. Ya pili ni ampu hata ndogo ya wati 15 yenye maiki mbele yake, ndipo hiyo SD-1 itaonyesha uwezo wake. Ulizia stoo ya kanisa, makanisa mengi yana kitu kimelala humo.

Na ukipiga seben izime kabisa. Noti za seben zinakimbia na zinapishana, zinataka gitaa safi, ukiweka mkwaruzo zinashikana zote unapoteza ule utamu.

kamba_sita_msa:
Naunga mkono mzee hapo juu, kwa heshima. Mi niko Mombasa, naongeza moja tu, adapta. Pedali hizi zote ni 9V na HASI iko katikati, angalia kile kimchoro cha duara kwenye adapta, alama ya kutoa ndo iwe imeunganishwa na kidoti cha ndani. Mimi niliokota ya rauta nyumbani, 12V, chanya katikati, plagi ikaingia vizuri tu, sekunde chache nikasikia harufu ya kuungua na pedali yangu ya kwanza ikafa hapo hapo, niliiwekea akiba miezi minne, iliniuma sana. Pia ukimaliza kupiga chomoa waya wa gitaa kwenye pedali, maana ukiuacha betri inaendelea kuliwa usiku kucha hata kama taa imezimwa.

solo_wa_nyegezi:
Wakuu nimerudi. Stoo kweli kulikuwa na ampu ndogo, wanaitumia watoto wa sandei skuli kwa maiki, wameniruhusu. Nikachukua SD-1. Jana mazoezini nobu ya draivu niliielekeza saa tatu ya Kiswahili, yani kidogo tu, levo juu karibu saa nane, toni katikati, maiki ya kuimbia nikaisogeza vidole viwili kutoka kwenye spika, kwanza katikati ikawa kali, nikaihamishia pembeni kidogo ya koni ikalainika. Solo imesikika mpaka mlangoni na sauti sijaongeza, noti ya mwisho imekaa, imekaa, nimefurahi mno. Asanteni sana, mzee Mungu akubariki.

Ila nikiwasha pedali nikiwa sipigi kuna mlio wa mmm, hasa nikisimama upande wa taa za madhabahu. Ni mbovu?

rithim_tu:
Sio mbovu mkuu, ni pikapu za koili moja zinanasa umeme wa taa na pedali inaukuza. Geuka taratibu ukiwa umeshika gitaa utasikia kuna upande mlio unapungua, simama hivyo. Afu jaribu ile swichi ya kuchagua pikapu, iweke namba mbili au nne, kwenye Strat nyingi za siku hizi pikapu ya kati imezungushiwa waya kinyume kwahiyo zikiwa mbili pamoja mlio unajifuta. Ukikuta namba nne ni kimya piga solo zako hapo hapo, na sauti yake kwa kuabudu ni tamu kuliko ya tatu.