Binti yangu anataka mkondo wa amali, ukoo umegoma

MamaZai_Mbagala: Habari wadau, binti yangu anaingia form one Januari na kaniambia mama nataka amali, yaani mkondo wa ufundi, nisomee umeme. Huyu mtoto tangu yuko la tano pasi ikizima anafungua yeye, juzi kaunga waya wa feni na linazunguka mpaka sasa. Sasa jumapili baba yake mkubwa kaja anasema amali ni ya waliofeli, mtoto anapata A unampelekaje akashike plaizi? Nimekosa usingizi. Hivi akisoma amali form five ndo basi tena?

TichaWaTemeke: Dada, shemeji yako anaongelea mambo ya zamani. Mtaala ulioanza 2024 form one ina mikondo miwili, jumla na amali. Wa amali anasoma hesabu na Kiingereza kama wenzake halafu na fani yake, form four anafanya mtihani wa NECTA na juu yake anapata cheti cha ufundi cha NACTVET, lile baraza la elimu ya ufundi. Akifikisha vigezo form five anaenda, asipotaka kuna diploma, chuo cha teknolojia DIT hicho hapo mjini.

BabaJuniorGmboto: Ni kweli kwenye karatasi, ila mama Zai nenda kaione karakana kwanza!! Mwanangu nilimpeleka shule moja wanajinadi amali, kumbe jiliwa (vile vibanio vya chuma vya mezani) mbili darasa zima na mlango una kufuli lenye kutu, mwaka mzima kachora saketi ubaoni tu. Nilimhamisha, iliniuma sana.

FundiDada: Mimi ni fundi umeme, nilisoma chuo cha ufundi VETA Chang'ombe baada ya form four maana baba alikataa kabisa nisiguse ufundi mapema. Umeme unaingia mkononi, mwalimu wetu alikuwa anakuzimia taa unavuta waya kwenye paipu kwa kupapasa, vidole vinachubuka, leo nikiingia dari lenye giza Kigamboni sihangaiki. Ukifika hapo shuleni shika bisibisi zao, zikiwa mpya zinang'aa kama za dukani ujue hazitumiki. Na uliza kama wasichana wanashika zana au wanaandika tu noti, hilo usiliache mdogo wangu.

MamaZai_Mbagala: Asanteni sana jamani. Jumatatu naenda na binti mwenyewe, na shemeji nimemwambia tuongozane, kakubali ila kanuna.