Sista yuko Dammam, madam ameshika pasi yake ya kusafiria na ajenti anadai pesa. Tufanyeje?

mwana_kisauni: Wadau naombeni msaada. Sista yangu alienda Saudia kazi ya ndani kupitia ajenti wa hapa Mombasa, mkataba riyali 900 lakini mwezi wa tatu huu hajaona hata thumni. Pasi madam alimpokonya siku ileile alofika, simu hupewa usiku kidogo tu. Alisaini nyumba moja, sasa anapelekwa mpaka kwa mamake madam kuosha mazulia. Ajenti naye ati mkataba miaka miwili, tukitaka arudi tulete pesa za visa na tiketi. Ni haki kweli?

shoga_wa_likoni: Pole. Mwambie aende kemboi tu, yaani atoroke kwa madam, Riyadh wako wengi wanafanya vibarua na wanalipwa kuliko hao wa mkataba.

nilikuwa_riyadh: Shoga usimtie mtoto wa watu mashakani. Akitoka tu kafili, yaani mwajiri wake, anamripoti hurubu (ametoroka kazi), iqama yake, kile kibali cha kukaa, inakufa, akiugua hata hospitali anaogopa kwenda, akishikwa ni tarhili, kizuizi cha wanaorudishwa kwao, mpaka wamrudishe.

@mwana_kisauni usilipe chochote. Gharama za kumleta ni za kafili, na pasi haruhusiwi kuishika, ila sheria iko kwa karatasi na pasi iko kwa kabati ya madam lol. Mshahara ukikwama miezi mitatu, sheria yao inamruhusu kuhamia kafili mwengine bila ruhusa ya huyu. Apige picha iqama na mkataba wa Musaned (mtandao wa serikali yao wa mikataba ya kazi za ndani) akutumie halafu AFUTE, maana simu hukaguliwa. Madam wangu alikuwa anasikiliza mpaka voisi nilizomtumia mamangu, anampa binamu yake Mtanzania amtafsirie.

Ubalozi uko Riyadh, kutoka Dammam kama kilomita 400, kwa hiyo apige simu asijaribu kusafiri peke yake.

mzee_kobe: Huyo ajenti mshaangalia kama yuko kwenye orodha ya NEA, ile mamlaka ya ajira ya Kenya? Akiwa amesajiliwa mshtakini hukohuko, leseni yake ndo anaiogopa.

mwana_kisauni: Nimeangalia mzee wangu, jina la kampuni halipo kabisa.

mzee_kobe: Basi hiyo si kesi ya leba tena, nendeni DCI, polisi wa upelelezi. Kuna sheria ya 2010 ya usafirishaji haramu wa binadamu. Bebeni risiti za M-Pesa mlizomlipa, na msimwambie kama mnaenda, hao hubadilisha laini na ofisi usiku mmoja.