Mnaokaa meditesheni kila siku hapa Mombasa, mnafanyaje msiache?

MtuWaFeri

Hamjambo wana Mombasa. Niko na swali na naomba msinicheke. Tangu mwezi wa tatu nafanya meditesheni ya Kibudha, ile ya kufuata pumzi wanayoiita anapanasati, nilifunzwa na mgeni mmoja pale hotelini nilipokuwa nafanya kazi, kwa maneno machache tu: kaa, mgongo wima, hesabu pumzi mpaka kumi, ukipotea rudi moja. Mwanzo nilikuwa mkali kama wembe, dakika ishirini kila alfajiri. Saa hii wiki nzima nakaa mara mbili, na hiyo ya pili nililala nikaanguka ubavu mpaka mtoto akaja kuniamsha.

Kujua najua, shida niko peke yangu. Naishi Likoni, vyumba viwili watu sita, saa kumi na mbili lazima niwe nishavuka, jioni nikirudi ni joto na kelele na mbu. Mamangu ashaniuliza kama nimeingia dini ya Wahindi. Jirani naye aliniona nimekaa gizani macho nimefumba akamwambia mke wangu ati naita majini. Nilikuwa na rafiki tunakaa pamoja, akapata kazi Qatar, na alipoondoka ndio na mie nikaanza kulegea. Mnafanyaje nyinyi?

shaba_254

Mi nilivyosoma Buddha nikadhani unamuongelea buda wako 😂 si ulale tu bro

binti_tudor

Usimsikize huyo. Pole kaka. Mie na shoga yangu wa Kisauni tunabipiana. Saa kumi na moja na robo, wa kwanza kukaa anambip mwenzake, mlio mmoja anakata, hakuna kushika simu, hakuna umeamkaje, hakuna emoji. Na yule mwengine akikaa naye anabip. Basi, haituli hata shilingi.

Kabla ya hapo tulikuwa na grupu la WhatsApp la watu kumi na wanane likafa ndani ya wiki tatu, maana watu walilifanya mashindano, huyu ati amekaa saa nzima akaona mwanga, yule anaforwadi matangazo ya viwanja Mtwapa, na wewe uliyekosa siku mbili unaona haya hata kuandika salamu. Bip haina haya. Nikinyamaza siku tatu shoga yangu ananipigia mchana, haniulizi mbona hukukaa, ananiuliza u mzima wewe? Na jioni yake najikuta nimekaa.

Halafu punguza hizo dakika. Mie nafanya kumi. Siku ya stima kupotea na joto lile la mwezi wa pili nafanya tano, juu ya ndoo iliyopinduliwa uani.

kijana_wa_kibokoni

Mimi ni Muislamu na nakaa pia, nakaa baada ya swala ya alfajiri, sijabadili dini wala sina sanamu nyumbani, nafuata pumzi tu. Najua kuna watakaonitolea macho hapa, sawa. Mamako mwambie hivyo hivyo kwa upole, mamangu mimi alikubali siku alipoona nimeacha kufokeana na ndugu zangu, maneno yangu yote ya nyuma hayakumuingia.

Kuhusu kuwa peke yako, si tunaambiwa swala ya jamaa inazidi ya mtu pekee daraja 27? Kuamka peke yako ni kazi, ukijua kuna mtu ataona nafasi yako iko wazi miguu inatoka kitandani yenyewe.

Na huko kulala usikuonee aibu. Moggallana, mwanafunzi mkubwa wa Buddha kabisa, alikuwa anasinzia akikaa! Buddha akampa orodha ya dawa: vuta masikio yako, sugua viungo, nawa macho kwa maji, angalia nyota, ikishindikana inuka utembee kwenda na kurudi. Yote yakishindwa lala, lakini lala ubavu wa kulia ukiwa na nia ya kuamka. Nilivyosoma hapo pa ubavu wa kulia nilicheka, nikasema hii naijua tangu madrasa.

mzee_kahawa

Nimechelewa kuingia lakini wacha niseme. Mimi nilienda ile kozi ya siku kumi ya Vipassana, meditesheni ya Kibudha ya kutazama hisia za mwili, njia ya mwalimu Goenka, yule aliyezaliwa Mandalay kule Burma. Kuamka saa kumi usiku, hakuna kuongea, hakuna simu, na hulipi chochote, ukimaliza ukipenda unatoa sadaka ya atakayekuja baada yako. Mwisho wakatuambia kaeni saa nzima asubuhi na saa nzima jioni, na mara moja kwa wiki mkae pamoja. Mie nikashika hizo saa mbili nikaidharau hiyo ya wiki, nikajiona simba. Miezi mitatu chali. Mwaka mzima sikukaa tena.

Kuna Sona, alikuwa mpiga kinanda cha nyuzi kabla ya kuwa mtawa, akafanya bidii mpaka nyayo zikatoka damu. Buddha akamuuliza, nyuzi ukizikaza sana kinanda kinalia vizuri? Ukizilegeza je? Aliyekaa karibu na mpiga udi wa taarab anaelewa bila kuelezwa. Na Ananda, mtawa aliyekuwa akimhudumia Buddha, aliposema marafiki wema ni nusu ya njia hii, Buddha alimkatalia, akamwambia usiseme nusu, ni yote.

Sasa tuko wanne, Jumapili saa kumi na mbili asubuhi, sebuleni kwa mama mmoja wa Sri Lanka hapa Nyali, mumewe yuko kwa biashara ya chai. Dakika thelathini kimya, halafu chai. Kwao kila mwezi mpevu ni likizo ya serikali, wanaita Poya. Mie kalenda sina haja nayo, nikisikia bamvua ya mwezi mpevu, yale maji kujaa na kupwa sana, imefanya feri isumbuke kupakia magari najua ni siku ya kukaa zaidi kidogo.

MtuWaFeri

Jamani asanteni. Huyo wa feri kusumbuka na bamvua ni mimi niko foleni 😅

Binti_tudor nimeona inboksi, yule kakako tumepeana namba. Leo bip imeingia saa kumi na moja na dakika kumi na sita nikiwa bado chini ya neti, nikasema mtu simjui hata sura ameshakaa, nikainuka. Dakika kumi. Nilisinzia nikavuta masikio, mke wangu alikuwa macho akanikuta nimejishika masikio mawili gizani, sasa sijui jirani ataambiwa nini.

Mzee Jumapili nakuja. Nibebe mahamri?

mzee_kahawa

Beba. Mbaazi ziko. Ukishuka tuktuk nibip.